Siku moja kutoka Maskati hadi Sur: jibu kwa msomaji wa Tanga

Swali: Assalamu alaikum kaka. Mimi ni mzaliwa wa Tanga. Desemba hii nakuja Oman na mama yangu, mwenye miaka 71, kwa harusi ya mtoto wa mjomba. Tutafikia Maskati, na katikati ya shughuli tuna siku moja tu ya nafasi. Babu mzaa mama alikuwa baharia aliyekuja Tanga na jahazi la Sur, akaoa, akabaki. Mama anataka kuiona Sur kwa macho yake. Binamu zangu wametupangia hivi: Quriyat, shimo la Bimmah, Wadi Shab, Wadi Tiwi, Qalhat, Sur, usiku kasa wa Ras al Jinz, halafu turudi Maskati. Je, siku moja inatosha? Na mama nimwonyeshe nini hasa?

Jibu: Dada yangu, waalaikumu salaam. Mfikishie mama shikamoo yangu.

Siku moja inatosha kwa Sur. Kwa orodha ya binamu zako haitoshi, na nakuomba ukate karibu nusu yake. Hawakukosea. Hiyo ndiyo njia wanayopelekwa wageni wote, na kila kilichomo kinapendeza. Tatizo ni kwamba Sur iko mwishoni mwa njia, kwa hiyo inabakiziwa makombo ya siku.

Nalisema hili kwa uchungu. Niliwahi kumchukua mzee mmoja wa Mombasa ambaye baba yake alikuwa mtu wa majahazi. Sikutaka akose kitu. Tukashuka shimoni, tukavuka kwa boti Wadi Shab, tukamngoja mpwa wake aogelee, chakula cha mchana tukakila alasiri. Kufika Sur, giza limeingia. Mzee wa watu akalizunguka jahazi kongwe lililowekwa pale, akilimulika kwa tochi ya simu, anapapasa mbao, kimya. Hakunilaumu hata kidogo, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Tangu siku ile nikipanga safari hii naanza na saa za Sur, kisha ndipo naangalia zilizobaki zinatosha nini.

Kutoka Maskati hadi Sur kwa barabara ya pwani ni takriban kilomita 200, lami tupu, gari dogo linafika bila shida. Ukienda moja kwa moja ni saa mbili na ushei. Mwambieni dereva asikimbie, maana kamera za mwendo ni nyingi. Mabasi ya Sur yapo, lakini kwa safari yenu ya kusimama hapa na pale, na mtu mzima ndani, tafuteni gari.

Desemba ni mwezi mzuri, joto limepungua. Ubaya wake ni mchana mfupi: jua linazama kama saa kumi na moja na robo jioni. Kwa hiyo swalini alfajiri, mpakie chai kwenye chupa, na saa kumi na mbili kasorobo mwe mmeshatoka.

Kituo cha kwanza ni Quriyat, chini ya kilomita 100 kutoka Maskati. Nendeni moja kwa moja bandarini, ambako asubuhi wavuvi wanarudi. Mama atawajua samaki wote kabla hamjamwambia: jodari, nguru, changu, papa. Majina ya Kiarabu ni mengine, ila namna ya kumtazama samaki machoni na kumbonyeza tumbo ni ile ile ya Deep Sea pale Tanga. Kwenye mwamba mdomoni mwa bandari kuna mnara wa ulinzi. Hapo mwambieni mama habari hii: mwaka 1507 Afonso de Albuquerque, jemadari wa Wareno, aliivamia Quriyat akaichoma, na mateka wakakatwa pua na masikio. Miaka miwili tu kabla yake, mwaka 1505, Wareno hao hao chini ya Francisco de Almeida walikuwa wameipora Kilwa na kuichoma Mombasa. Kwetu tunafundishwa kisa cha Kilwa na Mombasa, huku wanafundishwa cha Quriyat na Maskati, na mara chache mtu anaviweka pamoja. Ni msafara mmoja wa moto kwenye bahari moja. Waomani waliwatoa Wareno Maskati mwaka 1650, na mwaka 1698 wakawatoa Fort Jesus.

Nusu saa Quriyat inatosha.

Shimo la Bimmah simameni kidogo tu. Wenyeji wanaliita Hawiyat Najm, shimo la nyota, kwa hadithi kwamba nyota ilianguka hapo. Ukweli wake ni mwamba wa chokaa ulioliwa na maji chini kwa chini mpaka paa likaporomoka. Maji yake ni ya kijani kibichi ajabu. Kuna ngazi za kushuka hadi majini, lakini mama asishuke, kwa sababu kupanda tena ni kazi. Juu kuna bustani yenye vivuli na vyoo. Nyweni chai yenu hapo, muendelee.

Wadi Shab na Wadi Tiwi kateni. Najua binamu zako watalalamika. Wadi Shab ni bonde zuri kuliko mengi niliyoyaona, lakini mnavuka kwa boti, mnatembea kama dakika arobaini na tano juu ya mawe, na uzuri wenyewe uko mwishoni, mnapoingia majini kuogelea. Huko si kwa mtu wa miaka 71, na kumwacha garini akingoja ni kumnyima siku aliyoifuata. Vijana warudi peke yao siku nyingine. Na kama mvua imenyesha milimani, hata mwanzoni mwa bonde msiingie. Pwani hii inakumbuka vizuri kimbunga Gonu cha Juni 2007 na maji yaliyoshuka mabondeni wakati ule.

Qalhat ni jambo jingine. Hapo punguzeni mwendo hata kama hamna muda.

Mtu asiyejua ataona uwanda wa mawe kati ya mlima na bahari, na jengo moja la mraba limesimama peke yake, kuba lake limeharibika. Hilo ni kaburi la Bibi Maryam. Mji uliolizunguka ulikuwa mmoja wa bandari kubwa za bahari hii kati ya karne ya 11 na ya 15, chini ya ufalme wa Hormuz, ukisafirisha farasi na tende hadi India na kupokea mchele na viungo. Mwaka 2018 UNESCO iliuingiza katika Urithi wa Dunia. Mwishoni mwa karne ya 15 tetemeko la ardhi liliuangusha, na mwaka 1508 Albuquerque yule yule akaja kuchoma kilichosalia.

Ninachopenda nyinyi mkijue ni habari ya Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco. Alifika huku karibu mwaka 1330, na kabla yake alikuwa wapi? Mogadishu, Mombasa, Kilwa. Aliondoka Kilwa kwa chombo, akashukia Dhofar, kusini mwa Oman, akapanda chombo kingine kikaja hadi mbele ya Sur. Kutoka hapo aliiona Qalhat imekaa kwenye mteremko, akadhani ni karibu. Akashuka kwenda kwa miguu na mwongozaji wa kukodi, na huyo mwongozaji akawa na nia ya kumwibia nguo zake. Wakatembea, wakalala njiani, akafika lango la mji miguu imevimba viatuni hata hawezi kusimama. Ni kama kilomita 20 tu, lakini mwambieni mama aitazame ardhi ile, makorongo na mawe matupu, ataelewa. Alipopata nafuu akala samaki aliowasifu kuliko wa nchi zote alizopita, waliobanikwa kwa majani ya miti na kuwekwa juu ya wali. Akausifu pia msikiti uliokuwa juu ya bandari, kuta zake zimevishwa vigae vya rangi, akasema aliyeujenga ni Bibi Maryam. Waakiolojia waliochimba hapo wameupata msikiti wenyewe, na vipande vya vigae vile. Mwanamke mwenye mamlaka, mji wa bandari, wali na samaki: mtu wa Pwani hahitaji mkalimani.

Eneo la Qalhat limezungushiwa uzio, na haliwi wazi kila wakati. Waambie ndugu zako waulize kabla ya siku ya safari. Mkikuta limefungwa, simameni nje mtazame mteremko na bahari yake, kisha muendelee. Msichelewe kuifikia Sur kwa sababu ya lango lililofungwa. Saa nne asubuhi iwakute huko.

Sasa Sur yenyewe. Mama ataulizia jahazi, kwa hiyo anzeni na Fatah al Khair. Ni ganja, chombo kikubwa cha masafa marefu, kilichoundwa hapo hapo Sur mwaka 1951. Kiliuzwa nje kikaishia Yemen, na miaka ya 1990 watu wa mji wakachangishana, wakakinunua na kukirudisha. Kimewekwa nchi kavu, unakizunguka chote. Zungukeni polepole. Anzeni tezi, yaani nyuma yake, muone ilivyo bapa na kunakshiwa kama mlango wa nyumba ya Mji Mkongwe, kisha mfuate ubavu hadi omo, yaani mbele, muone kichwa chake kilichochongwa. Halafu mwache mama asimame chini ya mkuku, uti wa chini wa chombo, atazame juu. Hapo ndipo mtu anapoelewa kwamba mzee wake alivuka bahari ndani ya kitu cha mbao, bila injini, kwa upepo wa kaskazi tu.

Ratiba yao ilikuwa ya pepo mbili. Kaskazi ikianza kuvuma, kuanzia mwezi kama huu mtakaokuja, majahazi yalitweka matanga yakashuka Lamu, Mombasa, Tanga, Unguja hadi Rufiji, yamebeba tende, chumvi na papa mkavu. Miezi ya Aprili na Mei, kusi ilipoanza, yalirudi na boriti za mikoko, karafuu na nazi. Boriti za delta ya Rufiji na Lamu ndizo zilizoezeka nyumba za pwani hii isiyo na miti. Mkiingia nyumba kongwe yoyote ya Oman, inueni macho darini. Upana wa vyumba vya zamani ulifuata urefu wa boriti. Na baharia aliyepitwa na kusi kwa ugonjwa au kwa mapenzi, alikaa mpaka mwaka wa pili, na wengine hawakuondoka tena. Nadhani babu yako ni mmoja wao. Wazee wetu walisema "wendapo tezi na omo, marejeo ni ngamani". Ngama ni tumbo la chombo, na kwake yeye ngama ilikuwa Tanga.

Kutoka kwenye ganja nendeni kiwandani kwa mafundi wanaounda majahazi, palepale ukingoni mwa khori, mkono wa bahari unaoingia mjini. Fikeni kabla ya adhuhuri, na kama siku yenu ni Ijumaa, badilisheni siku, mtakuta pamefungwa. Kazi imepungua mno kulinganisha na zamani, na mafundi wengi sasa wanatoka India, lakini harufu ya msaji bado ipo. Tazameni jambo moja: mbao za ubavu zinapandishwa kwanza juu ya mkuku, mataruma, yaani mbavu za chombo, yanafuata baadaye ndani. Wazungu kwa karne nyingi wamefanya kinyume. Fundi hana mchoro wa karatasi, umbo lote liko jichoni mwake. Mkiona tezo la kuchongea na keekee ya kutobolea, vile vile vya mafundi wa Lamu na Nungwi, mwambieni mama ashike. Hawatamkataza wakisikia amekuja kumtafuta baba yake.

Ni ufukweni mwa Sur pia kwamba mwaka 1980 Tim Severin aliundisha chombo kilichoitwa Sohar, bila msumari hata mmoja, mbao zote zimeshonwa kwa kamba za makumbi ya nazi. Kikasafiri hadi Guangzhou, China, kikafika 1981. Sasa kimewekwa katikati ya mzunguko wa barabara karibu na Al Bustan, Maskati, mtakiona siku nyingine bila kusafiri. Mtepe wetu wa Lamu ulishonwa hivyo hivyo.

Hapa lazima niseme neno zito, dada, kwa sababu umeniuliza cha kumwonyesha mama, na kuficha si kumheshimu. Majahazi ya Sur hayakubeba tende na boriti peke yake. Karne ya 19 mji huu ulikuwa mojawapo ya milango mikubwa ya biashara ya watumwa kutoka pwani yetu. Baada ya mikataba ya 1873, iliyofunga soko la Unguja na kuibana biashara hiyo Maskati, manahodha kadhaa wa Sur walichukua bendera ya Ufaransa ili manowari za Uingereza zisiwapekue. Mzozo huo ukafika Mahakama ya Usuluhishi ya The Hague, ambayo mwaka 1905 iliwekea mipaka haki ya majahazi ya Oman kupeperusha bendera ile. Kwa hiyo mkiwaona watu weusi wengi Sur, wengine ni wajukuu wa mabaharia na wake zao wa Kiswahili, na wengine ni wajukuu wa waliopakiwa kwa nguvu. Wote ni Waomani leo. Mkibahatika kusikia ngoma ya lewa kwenye harusi, sikilizeni maneno, maana Kiswahili kimo ndani yake. Mimi nikiisikia huwa siwezi kuendelea na mazungumzo.

Mchana pumzikeni. Swalini, kuleni samaki na wali, mama anyooshe miguu mahali penye kivuli, hata alale kidogo. Mji wote unalala saa hizo, hamtakosa kitu. Kama kuna aliyebaki na nguvu, ngome ya Sunaysilah iko juu ya kilima na inaangalia mji wote. Nyinyi wengine si lazima.

Baada ya alasiri vukeni daraja la kamba za chuma juu ya khori, muingie Al Ayjah. Hiki ndicho kipande cha siku ninachowatunzia tangu mwanzo. Ni mtaa wa nyumba nyeupe za chini, milango ya kuchongwa, vichochoro, watoto na mpira, na mnara wa taa kwenye ncha ambapo khori inakutana na bahari. Majahazi yote yaliyotoka Tanga yakirudi kwao yalipita kwenye mlango huu mwembamba wa maji. Tembeeni taratibu, salimieni kila mzee aliyekaa kibarazani, na msiogope kuanza kwa Kiswahili. Waliokaa Unguja, Mombasa na Tanga, au kuzaliwa huko na kurudi baada ya mapinduzi ya Zanzibar ya 1964 na baada ya Sultani Qaboos kushika utawala 1970, wapo, ingawa wanapungua kila mwaka. Mtakaribishwa kahawa na tende, huenda na halwa. Mama akitosheka atikise kikombe anapokirudisha, la sivyo atamiminiwa hadi magharibi.

Hapo ndipo maandalizi yenu ya Tanga yatakapofaa. Kabla hamjapanda ndege, mkalishe mama chini uandike yote anayoyakumbuka: jina la babu pamoja na la baba yake na la babu yake, nisba yake (jina la ukoo), jina la jahazi, jina la nahodha, mwaka aliofika hata kwa kukisia. Nisba ni muhimu kuliko yote. Al Mukhaini, Al Araimi, Al Farsi na Al Ghailani ni watu wa Sur wa kabila la Janaba. Al Alawi watakuelekeza kwa Bani Bu Ali, wenyeji wa Al Ayjah. Kama babu aliitwa tu "Msuri" au "Mmanga", kama ilivyokuwa desturi ya Pwani kumwita kila mtu wa Oman, jina la jahazi litasaidia zaidi, kwa kuwa wazee wanakumbuka vyombo kama sisi tunavyokumbuka mitaa. Njooni pia na picha yake kama ipo, hata iliyofifia. Nimeona picha moja ya pasipoti ikipitishwa mikononi mwa wazee watano mpaka wa tano akataja jina la nduguye marehemu.

Kasa waacheni safari hii. Ras al Jinz ni hifadhi tangu 1996, na kasa wa kijani hutaga huko mwaka mzima, ila msimu mkubwa ni miezi ya joto. Desemba mnaweza kungoja muone mmoja au msione. Ziara ya usiku inaanza baada ya isha, na kurudi Maskati baada ya hapo ni kumchosha dereva na mama pamoja, tena njia ya Ras al Hadd ina ngamia na mbuzi wanaovuka gizani. Mkipata siku ya pili, laleni Sur, mwende alfajiri. Pembe hiyo ya Ras al Hadd na Ras al Jinz ndiyo ncha ya mashariki ya Bara Arabu.

Mavazi hayatawapa shida, nguo zenu za Tanga zinafaa. Mama apakiwe viatu vya bapa, mtandio mzito kidogo kwa upepo wa jioni, na kiti chepesi cha kukunja. Hicho kiti popote pengine mnaweza kukiacha, lakini Al Ayjah mkishushe garini. Mwekeeni karibu na mnara wa taa kama saa kumi na nusu, auelekee mlango wa khori, na binamu zako wampe nafasi. Mkiondoka saa kumi na mbili, saa mbili na nusu usiku mtakuwa Maskati.

Ukishapata nisba na jina la jahazi, niandikie kabla ya kusafiri. Nina wazee wawili Al Ayjah wa kuwauliza.